Ngiri Aliyeponda Kwake

Kamera zilipofika porini, aibu ilikuwa bado iko njiani. Ngedere alitangaza kuwa anatafuta mahali pabaya kupita pote, apige picha za mashindano ya kunusurika nyikani. Mwenye mahali hapo naye angeonekana kwenye runinga.

Mara kila mnyama akaanza kuponda kwake. Kiboko alisema mto wake unanuka. Nungunungu akasema kwake kumejaa miiba, ila hakusema ni ya nani.

Ngiri, aliyependa sifa kuliko mizizi, alimvuta Ngedere hadi mlangoni pa shimo lake. "Hapa ni taabu tupu, bwana," alisema mbele ya kamera. "Chakula chenyewe hakiliki. Na humo ndani kuna kitu kinakoroma, kina meno ya kutisha, na hakina dalili ya kuondoka."

Kitu hicho kikatoka. Alikuwa mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia bintiye kulea, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Shikamoo, mama," Ngiri alinong'ona.

Mama hakuitikia. "Mkwe wangu, hicho chakula kisicholika tutakila sisi. Wewe nusurika huko huko nje." Akarudi ndani, akaziba mlango kwa jiwe.

"Usiondoke hapo," Ngedere alimwambia Ngiri kwa furaha. "Mahali nimepapata, na mshindani nimempata."

Ndiyo maana hadi leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Uso wa kumtazama mkwe hana.