Taa za Vifaranga

"Shika kwa mikono miwili, bibi! Huo ni mtungi wa gesi, si mtungi wa maji. Umejazwa Mwanza huo. Ukiudondosha, tutaokotwa vipande hadi Nyamuswa."

Kikongwe alijitwisha mtungi, akaenda nao taratibu mpaka kwenye lori. Marcelina akamsindikiza kwa msonyo mrefu. Watu wa porini, bwana! Hata wasipofanya kosa wanaudhi.

Siku hiyo alikuwa anahama Bunda, na hakupenda. Chama cha ushirika alikofanya kazi mumewe, Wenceslaus, kilikuwa kimepunguza watu, na sasa kinauza hata nyumba za wafanyakazi. Yao ilinunuliwa na mfugaji mmoja wa Nyamuswa. Mfugaji! Miaka tisa Marcelina amepiga pasi ya umeme humu ndani, ameunga mchuzi kwa gesi, halafu leo aingie mtu anayenuka samli. Haya ndiyo mageuzi waliyoambiwa yanakuja.

Wenceslaus alikuwa ametangulia Butiama, kwenye nyumba ya marehemu baba yake, kubembeleza nguzo za umeme. Aliahidiwa wiki tatu. Hizo wiki tatu ndizo zilizomkosesha Marcelina usingizi. Nyuma ya nyumba, bandani, kulikuwa na vifaranga mia mbili wa kisasa, wa siku sita, walionunuliwa kwa kiinua mgongo chote, hakikubaki hata cha chumvi. Waliishi kwa joto la taa nne. Zizime usiku mmoja tu, asubuhi unachimba shimo.

Kwa hiyo alitaka kumwomba huyohuyo mnuka samli amwachie banda na umeme kwa wiki tatu. Hilo halikumtisha. Wanaume wa ng'ombe aliwajua: unapiga goti, unamwita mheshimiwa, unamfungulia bia ya baridi, kwisha habari yake. Bia alishailoweka kwenye ndoo ya maji.

Tatizo, mheshimiwa hakuonekana. Waliokuja ni binti mmoja aitwaye Gati, mtoto mgongoni, pamoja na kikongwe wa kanga mbili zisizofanana. Kikongwe alikuwa ameanza, "Mama, sisi tumekuja kwa ajili ya nyumba," na Marcelina akamkata palepale: "Vyombo vile kule. Anza na vizito."

Gati alitaka kusema kitu. Kikongwe akamtikisia kichwa, akainama, akaanza na vizito.

"Mumeo yuko wapi?" Marcelina aliuliza.

"Tumekuja wote, dada."

"Wote na nani? Mbona simwoni? Ameishia kilabuni?"

"Mume wangu hanywagi pombe."

"Ndivyo mnavyodanganywa." Marcelina alimtazama binti kuanzia kandambili hadi kilemba. "Alikutolea ngapi?"

"Ng'ombe kumi na mbili."

"Kumi na wawili! Kwa wewe?"

Gati hakukasirika. "Alikuwa anatakaga mtoto wa kurithi boma lake. Huyu hapa, Wanzagi. Na nyumba hii ametununulia sisi, mtoto asomee mjini."

Loo! Kwa hiyo ni tajiri, tena mzee, tena mjinga wa mapenzi. Marcelina alifarijika sana. Akageukia lori.

"Wewe bibi, na hiyo miguu usikanyage sebuleni, nimepaka dawa ya sakafu jana! Zungukia nyuma."

Kikongwe akazungukia nyuma. Aliporudi na kabati ya vyombo mgongoni, aliuliza swali moja tu.

"Vifaranga wale ni wa nani?"

"Hayakuhusu. Wale ni kuku wa umeme, si wa kupekua majalala kama wa kwenu."

"Vizuri sana," kikongwe akasema. "Wana afya."

Saa nne ilipopita, akaja Mhoja wa shirika la umeme, na baiskeli yake na koleo lake. Alisoma mita, akaandika, akatoa fomu.

"Mama, jina la mzee Wenceslaus nalifuta leo. Mwenye nyumba mpya akisaini, umeme unabaki. Asiposaini, nang'oa fyuzi, na kurudishiwa ni kuandika upya. Foleni yetu mnaijua."

"Anakuja. Ngoja kidogo tu, baba."

"Nina nyumba nne kabla ya mchana." Mhoja akafungua kisanduku cha mita.

Huko bandani mia mbili walikuwa wanalia kwa pamoja. Marcelina aliisikia sauti ile. Kiburi chote kikamtoka kama upepo kwenye mpira wa baiskeli, akamrukia Gati, akamshika mkono.

"Mdogo wangu, nakuomba, mwite mumeo! Popote alipo. Mwambie nina shida, mwambie nitampigia magoti, mbele ya watu nitayapiga! Ila huyu bibi yako mwondoe hapa kwanza, asije akanitia aibu mbele ya mzee."

Gati alimtazama kikongwe, na safari hii kikongwe hakutikisa kichwa. Alitua meza aliyokuwa ameibeba, akajifuta mikono kwenye kanga, akamwendea Mhoja, akachukua fomu.

"Nipe kalamu, mwanangu. Andika Wankyo. Kwetu mwanamke asiye na mrithi anaoa mke; Gati huyu nilimwoa mimi, kwa ng'ombe wangu, na mtoto ni wa boma langu." Akasaini polepole, herufi moja moja, kisha akamgeukia Marcelina. "Haya, mama. Mume nimefika. Sema shida yako."