Beseni la Bi Mwanaidi

"Shebwana, kwani viti vyangu vina miiba?" Bi Mwanaidi alimuuliza jirani yake Shebwana siku moja, alipomwona anakunywa uji wima nyumbani kwake.

"Nina bawasiri, dada," alinong'ona. "Na Ijumaa namwozesha binti. Nitakaaje mkekani nimshike mkono bwana harusi?"

"Basi ndiyo ufe na haya? Hata marehemu wangu alikuwa nayo." Bi Mwanaidi akamletea beseni. "Tia maji ya uvuguvugu, ukalie asubuhi na jioni. Kula papai na mchicha, kunywa maji, na chooni usikawie na redio yako. Ukiona damu, nenda hospitali. Mungu atakujaalia ukae."

Shebwana aliuchungulia uchochoro uliojaa watu. Akaliingiza beseni ndani ya kanzu, akatoka, tumbo limemtangulia kama mja mzito.