Waya ya Televisheni

“Chomeka upande wowote,” nikamwambia Wilondja. “Hii waya haina mbele wala nyuma, sawa na maneno yako.”

“We kijana, moteri ya boti ya papa yako iliyoibiwa kule Lweba mi sikuiona.”

Akachomeka simu. Katika kibanda chetu cha sinema, hapa Baraka, watu huchaji huku wakingoja mupira, na yeye alidhani waya inaleta umeme tu. Sikumwambia kwamba hii niliyompa imeungwa na televisheni, inabeba na picha.

Akainama kuandika kwa kidole gumba, ukucha wake mweusi kwa grisi. Nyuma yake, kwenye televisheni, maneno yakatokea makubwa: “Moteri ya Lweba niko nayo. Kuja mbio, mwenyewe asijue.”

Baba akainuka kwenye benchi la mbele, akafunga mulango kwa ndani.

Wilondja alikuwa bado anatafuta herufi.