Ukuta Uliosikia Selo

Hapa Muheza hakuna anayenishinda kupiga selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti. Ni kweli kwamba selo iko moja tu, na ni ya mjukuu wangu Mwantumu.

Siku hizi okestra ya taifa haina mitihani. Kuta za nyumba ndizo zinazosikiliza mazoezi na kuchagua. Mwantumu akitoroka kwenda kwa mchumba wake, mimi hukaa na selo ili ukuta usimwone mvivu. Miaka imepita nikikwaruza, hadi ikanoga.

Jana ukuta ukatangaza kwamba mpigaji wa nyumba hii amechaguliwa. Afisa akaja kumchukua.

"Ni mimi," Mwantumu akasema. "Bibi kazi yake chai."

Afisa akamshika vidole vya kushoto. Laini kama maandazi. Nilipompa kikombe akaviona vyangu, vina sugu za nyuzi.

"Na hizi?"

"Za kukuna nazi," Mwantumu akawahi.

Mimi nilishajifunga kanga ya kutokea.

"Saa za selo Mwantumu huwa kwa mchumba wake," ukuta ukasema. "Ukuta wa kule umeniambia."