Mhindi Karudi

Jiwe la tatu lilipenya dirishani, likaangusha chupa za soda juu ya kaunta. Akajikunyata zaidi chini yake, vipande vya kioo vikimwingia shingoni.

“Mhindi karudi,” mtu alisema nje. “Kapita mlango wa nyuma. Nimesikia kopo likianguka.”

“Si alikimbilia Bukoba? Nani kamwambia arudi?”

Kopo lile la samli alilipiga kwa kiwiko mwenyewe. Alidhani mchana ule Nyakatuntu nzima iko shambani ikichuma kahawa. Mjinga mkubwa wewe, alijitukana.

Sauti zao alizijua zote. Miezi mitatu alikuwa akisimama mlangoni pa duka hili tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyepita asimwone. Leo watu hao hao wanataka roho yake. Alikuwako Kampala ghasia zilipozuka. Alijua duka linavyoungua. Vitambaa hushika kwanza, kisha paa huporomoka, na aliyemo ndani hasikiki tena.

“Waitu, ndugu zangu, tulieni.” Huyo alikuwa Mzee Yustus, mwenyekiti wa tawi la chama. “Wakubwa wetu wako Dar es Salaam wanadai madaraka kwa Gavana. Sisi tukichoma mtu huku, atawajibu nini? Atasema Mwafrika hajui kujitawala, na tawi letu atalifunga kesho.”

Siku zote alikuwa akimdharau Yustus, akimwita mwoga. Sasa alitamani mzee aendelee kusema mpaka giza liingie.

“Na mimi je, mzee?” Adventina alidakia. “Mume wangu nilimzika kwa majani ya mgomba kama mzoga.”

Chini ya kaunta aliuma midomo. Aliikumbuka siku ile. Mama wa watu alikuja analia, anaomba kitambaa cha sanda tu, naye alimzibia mlango, akamrudisha mikono mitupu watu wote wakitazama. Hakumwonea huruma hata kidogo. Alicheka.

“Ni kweli, mama,” Yustus alisema. “Lakini kisasi hakitamrudisha.”

“Sirudishi mtu. Nataka na huyu aonje.”

Mtu mwingine alisema debe la mafuta ya taa limefika. Harufu yake ikaanza kuingia chini ya mlango.

“Tumngoje Kashaija kwanza,” Yustus alisema upesi. “Mgomo huu ni wake. Yeye ndiye aliyewakataza kununua hapa. Bila neno lake hamuwashi kitu.”

Yeye huko chini akamwomba Mungu wakubali kungoja.

“Kashaija kafiwa na mama yake leo alfajiri,” Adventina alijibu. “Mwacheni na msiba wake. Bila shaka yuko migombani anakata majani ya kumzikia, kama alivyotuamuru sisi wote. Na neno lake tunalo. Alisema atakayekutwa ndani ya duka hili ni Mhindi, awe nani awe nani.”

Njiti ya kiberiti ikakwaruzwa.

Chini ya kaunta, Kashaija alilikumbatia jora la kitambaa cha marekani alilokuja kumchukulia mama yake sanda, akafungua kinywa awaite, kisha akakifumba.