Vidole vya Mama Mkwe

Dereva aliipiga redio ya gari makofi hadi kiganja kikamwaka moto, nayo ikazidi kukoroma. Kituo cha utangazaji cha nyumbani kilikuwa mbali, na humo binti yake alikuwa akishindana katika fainali ya chemshabongo.

Mama mkwe wake, aliyeketi kando yake, alikuwa amenuna tangu akataliwe kurudi kuchukua miwani aliyoisahau. Sasa, kwa heshima zote, akaushika waya wa antena uliochomoza nyuma ya redio kwa vidole viwili vyenye mikunjo.

Sauti ikaja safi kabisa.

"Swali la mwisho, binti. Una sekunde ishirini."

Mama mkwe akauachia waya. Redio ikakoroma.

"Mama, tafadhali."

"Mkwe wangu, macho yangu tunayarudia au hatuyarudii?"

Mkono wa dereva ukaenda wenyewe kwenye indiketa.