Msuko wa Kisogoni

Salha alisema kichwa cha Mwanahawa, kwa misuko ilivyochakaa, sasa kinafaa kupandwa mchicha. Walikuwa watatu mkekani uani, sahani ya mihogo ya kukaanga katikati, na mpaka hapo walikuwa wakimsengenya yule bibi harusi wa kwenye tamthilia, aliyepakwa wanja akafanana na mtu aliyepigwa ngumi.

"Na wewe unaolewa kesho, shoga," Tatu akadakia. "Bwana atadhani kaletewa kiota."

Mwanahawa alicheka nao, ila kiganja chake kilibaki kichwani. Misuko ile alisukwa na Raya, rafiki yao wa nne, siku chache kabla hajafariki. Ikifumuliwa, hakuna tena kazi ya mkono wa Raya iliyobaki duniani.

"Haya, fumueni," alisema mwishowe. "Huu wa kisogoni tu muuache."

Wakafumua huku wakibishana kama pilau ya kesho itiwe zabibu. Walipoufikia wa kisogoni wakauacha, wakarudi kwenye mihogo.

Mara Mwanahawa akahisi ule msuko unafumuliwa taratibu, pindo baada ya pindo.

"Salha, huo nimesema uache."

Salha, aliyekaa mbele yake, akainua vidole vyote, vimejaa mafuta na pilipili. Tatu naye akainua vyake. Hakuna aliyecheka.

Mwanahawa hakugeuka nyuma. Aliinamisha shingo kidogo, kama mtu anayemrahisishia msusi kazi, na nywele zikaendelea kufumuka.